Karanga Wetu Wamechanjwa

Jumatatu

Barua ya mafunzo imeletwa leo saa nne asubuhi. Inasema mafunzo yanaanza leo saa mbili asubuhi. Mjumbe aliyeileta amenituliza: hata yeye hajaenda, na ndiye wa kufungua kwa sala.

Nimeepua karanga, nimejifunga khanga, nimewapitia wenzangu. Kikundi chetu kina wanawake watano: mwenyekiti, katibu, mhazini, mimi, na wifi yake mwenyekiti, ambaye hajawahi kushika karanga isipokuwa kwa kula, lakini tulimhitaji ili tutimie. Tunatengeneza siagi ya karanga. Tumefika ukumbi wa kata saa tano kasoro robo na kukuta viti.

Afisa Maendeleo ya Jamii ni kijana mwenye adabu. “Shikamooni, mama zangu. Mgeni rasmi yuko njiani.” Mgeni rasmi amekuwa njiani mpaka saa saba. Mafunzo hayaanzi bila kufunguliwa, kwa hiyo kufikia saa saba tulikuwa tumejifunza kwamba sambusa za ukumbini zina viazi peke yake. Saa saba na nusu akaja mwakilishi wa mgeni rasmi, akasema itifaki imezingatiwa, akafungua. Mada ya kwanza ilikuwa matumizi bora ya muda. Imeahirishwa hadi kesho kwa sababu muda umekwisha.

Kabla ya kuondoka kila mtu ameandika kwenye karatasi biashara anayofanya, ili wakufunzi wajue mahitaji yetu. Kutoka viti vya karibu yangu niliona achari, ushonaji, batiki, kuku wa kienyeji, kusuka nywele, chapati. Karatasi zimekusanywa na kuwekwa kwenye bahasha. Bahasha imefungwa kwa gundi.

Jumanne

Leo tumekuta ndoo kubwa, mwiko mrefu na mkufunzi wa sabuni ya maji.

Mafunzo yaliyopita yalikuwa ya sabuni ya maji. Yale yaliyoyatangulia yalikuwa ya sabuni ya maji na batiki. Sina ugomvi na sabuni. Mtaji wake ni mdogo, vifaa vyake vinapatikana mjini, na mwisho wa siku kuna kitu cha kupigia picha. Nadhani hilo la mwisho ndilo linaloipa ushindi. Ukimfundisha mtu kutunza daftari la mauzo, huwezi kulinyanyua mbele ya kamera likatoa povu.

Salfoniki imemiminwa, slesi ikafuata, magadi soda yakayeyushwa pembeni, tukakoroga. Mkufunzi alisisitiza tukoroge kuelekea upande mmoja tu. Fundi cherehani akauliza kwa nini. Mkufunzi akajibu kwamba ukigeuza upande, sabuni inakatika. Mama wa achari alipiga chafya akageuza mwiko. Tukanyamaza wote na kuitazama ndoo. Sabuni haikukatika. Mkufunzi amesema hiyo ni bahati.

Kila mshiriki ameondoka na lita moja yenye harufu ya limau. Jioni jirani yangu amekuja kuniuzia sabuni yake. Nilimweleza kwamba tulikuwa ndoo moja. Akasema anajua, lakini biashara ni kujaribu. Nimenunua nusu lita. Saa moja baadaye nilipita kwake, naye akanunua nusu lita yangu kwa bei ileile. Kwa mujibu wa tulichofundishwa, tumekuza mzunguko wa fedha mtaani.

Jumatano

Mada ya leo: ubora, vifungashio na masoko. Mkufunzi alikuja na projekta. Umeme ulikatika kwenye slaidi ya pili. Jenereta ipo, petroli yake ipo kwenye dokezo, na dokezo linasubiri saini. Basi mkufunzi akafunga kompyuta akazungumza kwa mdomo, na hapo ndipo ilipobainika kwamba anaijua kazi yake.

Ametueleza kwamba SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973, linaweza kumpa mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho, na kwa barua hiyo TBS, shirika la viwango, humhudumia bila malipo kwa miaka mitatu ya mwanzo anapotafuta alama ya ubora. Watu wengi ukumbini walikuwa hawajui. Mwenzetu wa asali amewahi kumlipa mtu wa kati amtafutie hiyo huduma ya bure. Aliuliza kama anaweza kurudishiwa. Ukumbi ulicheka, yeye hakucheka.

Kisha akaingia kwenye sumukuvu, na hapo nikaacha kusinzia. Ni sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri au yaliyohifadhiwa penye unyevu. Huioni, huionji, na ukizikaanga karanga haiishi yote. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni mikrogramu 10 kwa kilo. Kazi kubwa ya kuizuia hufanyika kwa vidole, kwa kuchambua: karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, iliyovunjika au yenye ukungu, itoke.

Mwenyekiti wetu akauliza zilizotoka zipelekwe wapi. Mkufunzi akasema zifukiwe. Mwenyekiti akauliza kama kuku hawawezi kuzila. Mkufunzi akasema hapana, kuku nao wanadhurika. Mwenyekiti akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kuku wake wanakula hizo tangu mwaka juzi na wananenepa. Tumeanza kuchambua mara mbili. Kuku wamepunguziwa mlo bila maelezo.

Mada ya sumukuvu ilistahili siku nzima. Ilipata dakika ishirini, kwa sababu saa sita mama ntilie alinyanyuka na kutoka, darasa likasimama. Yeye ni mshiriki mwenzetu, na ndiye pia mwenye zabuni ya chakula cha mafunzo. Asubuhi nzima alikuwa darasani akijifunza huduma bora kwa mteja, kwa hiyo chakula kilitoka saa tisa alasiri. Wakufunzi walilalamika kwamba wajasiriamali wa hapa hawajali muda wa mteja. Mama ntilie aliwapakulia wali na kukubaliana nao kabisa, akasema hata leo wamefundishwa.

Mkufunzi alimalizia kwa msimbomilia, ile mistari ya kwenye pakiti. Namba za kampuni zilizosajiliwa Tanzania huanza na 620. Wifi yake mwenyekiti ameiandika mkononi kwa kalamu. Hajaandika kitu kingine wiki hii.

Alhamisi

Mkufunzi wa leo ameitwa kikaoni Dodoma. Ratiba iliandikwa “Hesabu za Biashara”. Afisa Maendeleo alitoka nje akitafuta mtu wa kutushikilia, akarudi na mzee mmoja mhasibu mstaafu, ambaye alikuwa kwenye benchi la Mtendaji wa Kata tangu asubuhi akisubiri barua yake igongwe muhuri.

Mzee aliomba chaki. Hapakuwa na chaki, palikuwa na kipande cha muhogo mkavu. Alitumia hicho.

Aliuliza nani anajua bidhaa yake inamgharimu kiasi gani. Mwenyekiti wetu akanyoosha mkono. Mzee akamwomba asimame, ataje vitu kimoja kimoja, yeye anaandika. Ninanakili hapa kama ilivyokuwa ubaoni, kwa sababu mhazini ameniomba nisiipoteze.

Karanga kilo 10 kwa Sh 3,800 kila kilo, jumla Sh 38,000. Mkaa Sh 3,000. Kusaga Sh 4,000. Chumvi Sh 200. Bodaboda kwenda sokoni na kurudi Sh 3,000. Ukishakaanga, ukamenya na kuchambua, zinabaki kilo nane na gramu 400, yaani chupa 21 za gramu 400. Chupa na vifuniko vyake Sh 450 kila moja, jumla Sh 9,450. Lebo Sh 100 kila moja, Sh 2,100. Mzee akapiga mstari: Sh 59,750. Akagawanya kwa 21. Kila chupa inatugharimu Sh 2,845.

“Mnauza shilingi ngapi?”

“Elfu mbili na mia tano,” mwenyekiti akajibu. “Tulianzia kwenye bei ya jirani. Yeye anauza elfu mbili na mia saba, sisi tukashusha.”

Ukumbi ulikuwa kimya. Mzee hakusema lolote baya. Aliandika tu kwamba kila kilo kumi zinatupotezea Sh 7,250, kisha akauliza nguvu zetu zinalipwaje. Mwenyekiti akasema sisi hatulipwi, sisi ni wanakikundi. Mzee akatikisa kichwa taratibu. “Mama, hapo mnawalipa wateja wawasaidie kula karanga.”

Swali lililobaki lilikuwa gumu zaidi: kama tunapata hasara kila wiki, tumewezaje kuendelea? Macho yote yakamgeukia mhazini. Mhazini ni mtu wa maneno machache. Alifungua mkoba, akatoa daftari la pili ambalo hatukuwahi kuliona, akasoma: “Pesa ya maandazi.” Asubuhi anauza maandazi yake mwenyewe. Kila pesa ya karanga ilipopungua, yeye alijazia kutoka kwenye maandazi, akanyamaza, kwa kuwa mwenyekiti alikuwa ametangaza kanisani kwamba mradi unakwenda vizuri.

Mzee akamwuliza maandazi nayo yanamgharimu kiasi gani. Mhazini akasema hilo hataki kulijua leo.

Aliyefuata alikuwa mama wa achari, akakuta anapata faida, akakaa wima siku nzima. Fundi cherehani akakuta nguo za shule zinamlipa kuliko magauni ya harusi, na ana mashahidi ishirini wa magauni ya harusi ambayo hayajalipiwa. Watu walipanga foleni. Mara mlango ukafunguliwa, mzee akaambiwa muhuri umepatikana. Akaweka muhogo mezani, akachukua barua, akaondoka. Hakulipwa posho ya mkufunzi kwa sababu jina lake halimo kwenye ratiba. Kwa bahati alikuwa amesaini karatasi ya mahudhurio ya washiriki akidhani ni ya kupokea barua, hivyo amepata nauli ya washiriki ya Sh 5,000.

Ijumaa

Kufunga. Mgeni rasmi amekuja mwenyewe. Kinamama oyee imeitikiwa mara nyingi kuliko nilivyoweza kufuatilia.

Ametukumbusha jambo la maana: sheria, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kukuta vikundi hewa na madeni yasiyorejeshwa, ikafunguliwa tena mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Kikundi hewa ni kikundi kisichokuwepo. Wifi yake mwenyekiti aliangalia chini wakati hayo yanasemwa, ingawa yeye yupo.

Vyeti vimegawiwa. Vyote vimeandikwa “Utengenezaji wa Sabuni”. Hata cha mfuga kuku. Hata cha mama wa batiki, ambaye hakuja Jumanne. Picha ya pamoja ilipigwa na bango mbele yetu. Sisi tulio wafupi tumetokea kuanzia kwenye kilemba.

Mgeni rasmi amependa siagi yetu, akachukua chupa mbili. Tulimwambia bei mpya ni Sh 3,500. Akauliza kama wajasiriamali wazalendo hawana punguzo. Mwenyekiti akafungua mdomo. Mhazini akamkanyaga mguu. Amelipa elfu saba.

Jumatatu

Kuomba ule mkopo wa halmashauri kunahitaji kikundi kisajiliwe kwenye mfumo wa kompyuta, kiwe na katiba, akaunti ya benki na andiko la mradi. Katiba tunayo. Andiko tumepeleka steshenari, ambako kijana huandika maandiko ya vikundi vyote vya kata kwa Sh 15,000, akiwa na mfano mmoja ambao anauboresha.

Benki haikwenda vizuri. Vidole vya mhazini havisomeki. Miaka ya kukaanga imevilainisha mpaka mashine ya alama za vidole haimtambui kama mtu. Mhudumu amemwambia anawe. Amenawa. Amemwambia apake mafuta. Amepaka, mashine ikateleza. Amemwambia arudi baada ya wiki moja ya kutogusa moto. Mhazini aliuliza katika wiki hiyo atakula nini. Mhudumu akasema hilo liko nje ya huduma zao.

Jumatano

Andiko limetoka. Kurasa kumi na moja, jalada la plastiki, linapendeza.

Ukurasa wa pili unasema kikundi kitanunua karanga 200 wa siku moja. Ukurasa wa tatu unasema karanga watapewa chanjo ya kideri wakifikisha siku ya saba, na watakaa chini ya taa usiku ili wasipate baridi. Katika wiki ya tano karanga watakuwa na uzito wa kilo moja na nusu na wataingizwa sokoni. Kinyesi cha karanga kitauzwa kwa wakulima wa mboga.

Tumemrudia kijana. Amekiri kwamba mfano wake ni wa kuku, lakini akasema kompyuta imeshabadilisha kila palipoandikwa kuku. Hilo ni kweli. Imebadilisha kila mahali. Lengo kuu la mradi limesomeka “karangaza kipato cha wanawake”. Wanakikundi wanatakiwa “karangatana kila Jumamosi” kwa ajili ya “karangasanya marejesho”.

Kurekebisha ni Sh 15,000 nyingine. Mhazini amekataa. Anasema gharama hiyo haikuwa ubaoni.

Ijumaa

Kamati ya kata imekaa. Tuliitwa tutetee andiko. Mjumbe mmoja alisoma kurasa zote, akaweka miwani juu ya meza, akasema ana hoja moja tu: bajeti ya chanjo ni ndogo mno kwa mifugo 200. Mwenyekiti wetu aliahidi kuiongeza. Limepita ngazi ya kata.

Afisa Maendeleo alituita pembeni, akatuomba tusihangaike kulichapa upya kwa sasa, maana likibadilika litakuwa halifanani na lililopandishwa kwenye mfumo, na lisipofanana linarudi mwanzo. Simlaumu. Ana kata nzima, vikundi chungu nzima na pikipiki isiyo na mafuta. Alikuwa amekuja kwenye kikao hicho kwa miguu.

Jumamosi

Tumekutana, sitaki kutumia neno la kwenye andiko. Mezani: bei mpya.

Mwenye duka la kona amerudisha chupa sita. Amesema tulikuwa watu wazuri kabla hatujasoma. Mteja wetu wa tangu mwanzo amekwenda kwa jirani wa Sh 2,700, akamkuta naye amepandisha mpaka Sh 3,300. Mume wa jirani huyo alikuwa kwenye foleni ya mzee siku ile ya Alhamisi. Kwa jumla wiki hii tumeuza chupa 14, badala ya 21 tulizozizoea. Mwenyekiti alitaka turudi kwenye bei ya zamani, maana soko limetukataa. Mhazini akafungua daftari, lile la kwanza, maana la pili amelifunga. Tumeuza chupa chache na pesa imebaki. Wiki tulizouza chupa 21, pesa ilikuwa haibaki. Mwenyekiti alisoma mara mbili, akasema atalifikiria, kisha akachukua Sh 1,000 yake, ambayo ni malipo ya kwanza aliyowahi kupata kutoka kikundini, akaikunja na kuifunga kwenye ncha ya khanga.

Alhamisi

Barua imekuja, safari hii siku mbili kabla. Tunaalikwa kwenye mafunzo ya hatua ya pili. Mada: sabuni ya maji ya kiwango cha juu.

Tumejibu kwa maandishi, nakala kwa Mtendaji, imegongwa muhuri wa kupokelewa. Tumeomba mafunzo yaanze saa nane mchana, kwa sababu anayeuza maandazi asubuhi hawezi kuwa darasani asubuhi na akabaki na biashara ya kufundishiwa. Tumeomba ile bahasha yenye biashara zetu ifunguliwe. Tumeomba hesabu za gharama zipewe siku mbili na sabuni saa moja, na atafutwe yule mzee mstaafu, aandikwe kwenye ratiba, alipwe kama mkufunzi. Mhazini ameongeza kwa mkono wake ombi la chaki.

Vidole vyake bado havisomeki. Mkopo bado uko njiani. Siagi ya karanga, chupa ya gramu 400, iliyochambuliwa mara mbili, ni Sh 3,500. Hatukopeshi.